Mstari Uliopinda

Inspekta aliingia chumba cha afya cha bandarini saa sita na robo mchana, akafungua kigoda chake cha turubai na kukaa katikati ya sakafu kama mtu aliyekuja kunyolewa. Viti vilikuwapo viwili, lakini goti lake la kulia lilikataa viti virefu tangu siku alipomkimbiza mwizi wa betri ngazi nne kwenda juu, na mwizi akashuka kwa lifti. Tangu hapo alitembea na kigoda kwapani. Kituoni walimwita Kigoda, hata Mkubwa wake, hata kwenye barua.

Aliuliza nani amekufa.

Hakuna aliyekufa. Kulikuwa na meli ya utalii gatini, nyeupe, ghorofa kumi, iliyotakiwa kuondoka saa kumi jioni. Kulikuwa na wazee kumi na mmoja waliozuiwa chini ya ngazi yake. Na kulikuwa na muuguzi ambaye bandari nzima ilimwita Sista, amesimama kando ya friji ya chanjo, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa. Miaka tisa alikuwa akichoma sindano katika chumba hiki. Sasa Mkubwa alitaka maelezo yake yenye sahihi kabla ya saa tisa. Sahihi hiyo ikishawekwa, leseni ingekwenda, naye angelala rumande.

Mwenye haraka kuliko hata Mkubwa alikuwa wakala wa meli. Wapagazi walimbatiza Bwana Pasi, kwa sababu suruali yake ilikuwa na mkunjo ambao ungeweza kukata mkate. Alikuwa amepanga vyeti kumi na moja mezani, safu mbili zilizonyooka, naye alieleza kila kitu bila kuulizwa. Msafiri aliyevuka miaka sitini, kanuni inasema, lazima awe amechomwa dozi ya nyongeza siku kumi na nne kabla ya kupanda. Hawa wazee wa kundi lake walikuwa na vyeti vya Jumanne ya wiki mbili nyuma, yaani leo siku ya kumi na tano. Mambo yalikuwa safi kabisa, mpaka daktari wa meli alipomuuliza mmoja wao kama mkono bado unauma. Bibi huyo akajibu kwamba hauumi, mbona ni siku nane sasa tangu achomwe. Daktari akaomba rejista ya Sista. Rejista nayo ikasema siku nane.

"Rejista inasema kweli, vyeti vinasema uongo," Bwana Pasi alimalizia. "Muhuri ni wa huyu hapa. Na huyo bibi aliyeropoka ni shangazi yake, dada wa baba yake. Nani mwingine angewafanyia wazee hisani ya siku saba?"

Kigoda alimuuliza kama aliwahi kufanya kazi ya polisi. Bwana Pasi akasema hapana.

"Pole. Kesi zako zingekuwa zinaisha kabla ya chai."

Wakala hakujua acheke au ashukuru, akatoka nje kumpigia simu Mkubwa.

Sista alipopata nafasi ya kusema, hakusema mengi. Wazee aliwachoma yeye, siku nane zilizopita, na vyeti kumi na moja akaviandika siku hiyohiyo kwa tarehe yake. Hivi vilivyo mezani hakuviandika. Kigoda alimwonyesha maandishi. Yalikuwa herufi kubwa tupu, kama fomu ilivyoagiza, na herufi kubwa hazina mwenyewe.

"Na muhuri?"

"Muhuri ni wangu. Siwezi kuukana."

Muhuri wenyewe ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani kwenye mguu wa meza. Sista alieleza kwamba mwaka jana ulitembea hadi ofisi ya forodha na kukaa huko wiki nzima, ndipo akaufunga kama mbuzi. Kigoda aliushika, akauvuta taratibu. Kamba ilipita juu ya meza, ikafika kwenye kiti cha mgeni, na bado ikabaki shubiri moja. Akaurudisha mahali pake, akauliza Sista hutoka chumbani mara ngapi kwa siku. Mara tatu, akajibiwa. Saa mbili, saa nane na saa kumi na mbili huenda chumba cha baridi huko nyuma kusoma kipimajoto na kuandika alichosoma. Hakuwahi kuruka hata siku moja, na bandarini kila mtu alijua.

Kigoda akainuka kukagua ukuta. Ukuta wa Sista ulikuwa gazeti la serikali. Nyaraka zilikuwa zimebandikwa juu ya nyaraka, tabaka saba, na kila mpya ikiifuta ya chini yake. Alizifunua kwa ukucha moja moja. Kipimo cha pua ndani ya siku tatu. Hapana, ndani ya siku mbili. Dozi mbili zinatosha. Hazitoshi, na nyongeza iwepo, siku saba kabla ya safari. Juu kabisa kulikuwa na waraka wa siku kumi na nne, gundi yake bado mbichi.

"Huu umekuja lini?"

"Leo asubuhi. Zinaanza kwa wakala, mkononi, ili awaambie abiria. Sisi tunapata nakala kwa posta, posta ikijisikia."

Kwenye rafu chini ya nyaraka kulikuwa na pakiti nene iliyofungwa kwa ukanda wa kiwanda cha chapa, na juu yake kibandiko cha stoo chenye tarehe ya Ijumaa. Kigoda aliigonga kwa kidole. Sista akasema ni fomu mpya, hazijafunguliwa, maana amri ya stoo ni kwamba za zamani ziishe kwanza. Inspekta akakunja kigoda chake, akachukua vile vyeti kumi na moja, akaelekea ukumbi wa abiria.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye benchi moja refu, mabegi miguuni, kila mmoja akikwepa kumtazama bibi wa mwisho aliyeshika mkoba kwa mikono miwili. Huyo ndiye Shangazi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, miaka thelathini na minane mbele ya ubao, na mgongo wake ulikuwa haujapata habari za kustaafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho kigoda kimelegea mguu mmoja, binti, kitakuangusha."

Kigoda, mwenye miaka hamsini na mitatu, alirekebisha mguu wa kigoda kwa adabu zote. Kisha akamweleza Shangazi hali ilivyo, kwamba jibu lake la asubuhi limemweka binti wa kaka yake mlangoni mwa rumande. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Mikono yake ilikaza mkoba, lakini sauti haikutikisika.

"Niliulizwa swali, nikalijibu."

"Na ukiulizwa tena?"

"Nitajibu vilevile, kwa sauti zaidi. Yule mtoto ananijua. Nilimfelisha hesabu darasa la nne nikiwa nakaa naye nyumba moja."

Mzee mmoja kwenye benchi alikohoa kuficha kicheko. Kigoda akatoa cheti chenye jina la Shangazi na kumpa. Bibi alivaa miwani, akakisoma juu hadi chini, akakigeuza, akakirudisha kama daftari la mtoto mwingine.

"Jina ni langu. Cheti si changu."

"Umejuaje?"

"Changu kilikuwa na mstari uliopinda."

Akaeleza kama anavyoeleza ubaoni. Fomu aliyoandikiwa siku ile ilikuwa na nafasi ya dozi mbili tu. Ya nyongeza haikuwa na mahali, basi Sista alichora mstari kwa kalamu chini ya dozi ya pili, akaandika hapo. Ulianza vizuri kushoto, ulipofika katikati ukapanda kama mlevi anayetafuta mlango. Shangazi alimwuliza palepale, mbele ya foleni, kama rula zimeisha madukani.

"Sasa hiki hapa kina kisanduku cha nyongeza kilichochapwa. Jumamosi wakala alituchukulia vyeti vyote, akasema anakwenda kuvitolea kopi. Jana akaturudishia kila mmoja na mfuko wake wa plastiki. Nilidhani ameninyooshea."

Kigoda aliuliza benchi zima kama ndivyo ilivyokuwa. Ndivyo. Hakuna mwingine aliyekumbuka mstari, lakini mfuko wa plastiki waliukumbuka wote, maana uliwapendeza.

Mkubwa alipopigiwa simu hakuchangamka. Shangazi, alisema, asubuhi amemchoma mtoto wa kaka yake na mchana amekumbuka kumpaka dawa. Maneno ya ndugu hayafungui kesi wala hayaifungi. Alimkumbusha Kigoda kwamba saa ni saba na nusu, na kwamba saa tisa atakuja gatini mwenyewe kuchukua karatasi.

Basi Kigoda akaenda kutafuta mistari.

Daktari wa meli alikuwa chini ya ngazi, mrefu, amechoka, na mbele yake masanduku mawili ya kadibodi. La kushoto lilikuwa la vyeti alivyovikubali. La kulia aliandika MASHAKA, na lilikuwa limejaa. Inspekta aliomba kuona vya kulia. Alikunjua kigoda, safari hii kwa ajili ya karatasi, akavipanga juu yake kimoja kimoja. Vilikuwa kumi na vinane, vyote vya Sista, vya mwezi mzima. Kila kimoja kilikuwa na mstari wa kalamu ya bluu chini ya dozi ya pili. Mwingine ulipanda, mwingine ulishuka, mmoja ulikatika katikati na kuanza upya kama uliopigiwa simu.

Daktari alisema alivitenga kwa sababu hiyohiyo. "Niambie kweli, Inspekta. Serikali gani inachora fomu zake kwa mkono?"

"Yetu. Na huwa ni kalamu ya bluu."

Akamweleza amri ya stoo. Fomu za zamani ziishe kwanza, na mpaka ziishe, Sista anachora. Cha juu kabisa kwenye sanduku kiliandikwa jana, kwa baharia mzee wa melini humohumo, nacho kilikuwa na mstari. Kisha akatoa vile kumi na moja vya wazee, safi, visanduku vimechapwa, mistari imenyooka.

"Hivi vimeandikwa tarehe ya siku kumi na tano nyuma. Fomu ya aina hii imefika bandari hii Ijumaa, siku tano nyuma. Daktari, umewahi kumpokea mtoto aliyezaliwa kabla ya mama yake?"

Daktari aliinama juu ya kigoda, akaviangalia vya bluu, akaviangalia vilivyochapwa. Alichukua kalamu, akafuta neno MASHAKA ubavuni mwa sanduku. Lakini alikuwa mtu wa haki, na haki ina maswali. Alisema sasa anakubali kwamba vya wazee ni vya uongo, ila muuguzi naye alikuwa na fomu mpya. Angeshindwaje kufungua pakiti yake?

Kigoda alimwalika aende aione. Walikwenda wote wawili, polepole kwa sababu ya goti. Daktari aliigeuza pakiti pande sita, akaupitisha ukucha juu ya ukanda wa kiwanda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Haukuwa umekatwa wala kubanduliwa. Kigoda naye alipiga simu stoo, akauliza fomu mpya za Ijumaa ziligawiwa kwa nani na nani. Karani wa stoo alisoma kwenye daftari lake. Pakiti moja chumba cha afya. Na fomu ishirini za mfano kwa wakala wa meli, za kuwaonyesha abiria, zenye namba moja hadi ishirini.

Kigoda alivigeuza vile vyeti kumi na moja na kusoma kona ya chini. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akamwomba daktari amsindikize.

Ofisi ya Bwana Pasi ilinukia nta ya samani. Kalamu zililala kwa urefu, mafaili yalisimama kwa rangi, na kabati la chuma lilikuwa na kufuli tatu. Kigoda aliisifu kwa moyo mweupe. Alisema amezunguka ofisi nyingi lakini hajaona ambayo haipotezi hata pini. Bwana Pasi alikubali sifa kama mtu anayepokea chenji yake. Mkunjo wa suruali ulikuwa bado mahali pake.

"Hata fomu za mfano za Ijumaa zipo?"

Zipo, alisema, tena kabatini. Alizungusha funguo tatu, akatoa faili la kijani. Kigoda hakulipokea. Alikaa kwenye kigoda na kumwomba amhesabie kwa sauti, kwa sababu macho yake ni ya jioni.

Bwana Pasi alihesabu. Alianza na sauti ya karani wa benki. Kwenye saba ilipungua. Tisa aliisema kama anaisemea shati.

"Endelea."

Hakukuwa na kuendelea. Kigoda alimsogelea pamoja na kigoda chake, akamwomba amsomee namba za chini. Zilianzia kumi na mbili, zikaishia ishirini. Kisha akamwekea mezani vyeti vya wazee, namba moja hadi kumi na moja, bila kuruka hata moja.

"Bwana, wewe hata uhalifu unaupanga kwa mfuatano. Mtu mvivu angechomoa za katikati, angenisumbua hadi kesho."

Wakala alisema zimeibwa. Kigoda alitazama kufuli tatu, akatazama funguo mkononi mwake, akaacha vyote viwili vimjibu. Halafu aliomba trei ya barua zilizoingia. Bwana Pasi hakusogea, basi daktari akaisogeza yeye. Chini ya kalenda za mwaka kesho ulikuwapo waraka wa siku kumi na nne, na juu ya bahasha yake muhuri wa ofisi hiyo: umepokelewa Jumatatu, siku kumi na sita zilizopita. Kigoda aliuweka ubavuni mwa cheti cha Shangazi, kilichoandikwa Jumanne, kesho yake.

"Jumatatu ulipokea. Ungewaambia siku hiyo, wangechomwa Jumanne. Hukuchagua tarehe ovyo. Umewaandikia siku ambayo wangechomwa kama ungefungua bahasha."

Bwana Pasi alikaa, na mkunjo wa suruali ukafa magotini. Aliongea akitazama faili la kijani. Bahasha aliifungua Alhamisi iliyopita, wazee wakiwa wameshachomwa tayari. Miaka kumi na tano alikuwa akijigamba kwamba hajawahi kuacha abiria gatini, na alishindwa kusimama mbele ya wazee kumi na mmoja na kuwaambia kwamba barua yao ilikuwa chini ya kalenda. Jumatatu hii, saa nane, alipeleka orodha ya abiria kwa Sista. Sista akaenda kusoma kipimajoto kama kawaida yake.

"Mihuri kumi na moja haifiki dakika," alisema. "Kamba ilifika."

"Najua. Niliipima."

Alimwambia aandike maneno hayo kwa mkono wake, na asitumie herufi kubwa.

Saa tisa kasoro dakika nne Mkubwa alifika gatini, mkono umeshanyooshwa. Wazee walikuwa wameletwa na benchi lao, Sista amesimama pale wanapomwona, na abiria wa ghorofa za chini walikuwa wameegemea vyuma vya meli wakitazama kama wamelipia na onyesho hilo. Kigoda alimpa Mkubwa karatasi. Mkubwa aliisoma, akafika kwenye sahihi, akarudi juu kusoma upya, akauliza kwa nini sahihi ni ya wakala.

Kigoda alieleza, na alieleza kwa sauti ya kufika hadi ghorofa ya tatu. Aliinua cheti safi mkono wa kushoto na chenye mstari wa bluu mkono wa kulia. Alisema kilichonyooka ni cha uongo, kilichopinda ni cha kweli, na muuguzi aliyekichora hajawahi kuandika tarehe isiyo yake tangu aingie bandari hii. Hapo Mkubwa, ambaye hakuwa mtu wa maneno matamu, alivua kofia na kumwambia Sista samahani mbele ya wote. Wapagazi walianza kupiga makofi. Benchi la wazee likapokea. Ghorofa ya tatu haikuelewa vizuri lakini ikapiga pia.

Shangazi peke yake hakupiga makofi. Alikuwa amemshika daktari kiwiko, anauliza lililobaki. Uongo umekwisha, sawa, lakini siku nane ni siku nane. Je, warudi nyumbani?

Daktari alishangaa. Alisema kanuni ilibadilika tena Jumatatu. Asiyefikisha siku kumi na nne anapimwa pua hapahapa gatini, na akiwa mzima anapanda. Wangekuja tu na vyeti vyao vya kweli, asubuhi hii wangekuwa wameshakunywa chai melini.

"Waraka wake nilimpa wakala mkononi," aliongeza. "Juzi."

Watu wote waligeuka. Bwana Pasi alikuwa kati ya askari wawili. Alisema kwa sauti ndogo kwamba upo kwenye trei, kwenye bahasha. Kigoda alifungua mdomo kumtania, akamtazama, akaufunga. Baadaye alisema hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizofanya siku hiyo.

Kipimo hicho alikuwa na ruhusa ya kukifanya mtu mmoja tu bandarini. Sista alivaa glavu. Meza ikaletwa, kisha boksi la vijiti, na Shangazi akakaa wa kwanza, kidevu juu, akamwonya binti wa kaka yake kwamba pua hiyo ni ya familia. Majibu yalichukua robo saa. Kumi na mmoja walipimwa, kumi na mmoja wakawa wazima.

Sista alivuta fomu ya zamani. Haikuwa na mahali pa kipimo cha pua, kama ilivyokuwa haina mahali pa mengi. Alitia mkono mfukoni mwa koti, akatoa rula mpya ya plastiki, bado ina bei yake, akailaza chini ya dozi ya pili.

Shangazi aliiondoa kwa kidole kimoja.

"Chora kwa mkono," alisema. "Nataka nikikitazama huko baharini nijue ni cha kwako."

Sista akachora. Mstari ulianza vizuri, ulipofika katikati ukapanda. Meli ikapiga honi, na bibi akashika ngazi, cheti mkononi, mgongo umenyooka kama ubao.